Hapana Zima

Chumba cha wageni cha Berthe Kahongya kilikuwa na usingizi wake. Ukikaa kwenye kochi la upande wa dirisha, ukungu wa Butembo ukiwa bado umelalia mikaratusi huko nje na ile mashine ikivuma pole pole chini ya meza, macho yalijifunga bila kukuomba ruhusa. Padri aliyekuja kubariki nyumba alisinzia katikati ya baraka. Virginie, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuchaji simu tu, akaamka saa mbili baadaye akimshutumu Berthe kwamba chai yake ina kitu ndani.

Chai haikuwa na kitu. Kilichovuma ni seva, sanduku jeusi la chuma lisilozidi ukubwa wa Biblia mbili zilizolazwa pamoja, lenye taa ndogo ya buluu kwenye kitufe cha kuwashia. Élysée, mwana wa Berthe anayetengeneza kompyuta kule Beni, mtaa wa Mulekera, ndiye aliyeliunga na betri za sola na kuliweka pale. Ndani yake mlikuwa na ndoto elfu moja na arobaini na sita.

Sisemi kwa mafumbo. Zilikuwa ndoto za kuota. Kwa miaka ishirini na sita Berthe alikuwa mkunga katika kituo cha afya milimani, upande wa Lubero. Akina mama wanaotoka mbali walikuwa wanafika wiki mbili kabla ya siku yao, wanalala katika nyumba ya kungojea, na asubuhi, baridi ikiwauma miguu, hawakuwa na kazi ila kuchambua maharagwe na kuelezana walichoota. Mwanamke mwenye mimba huota sana, na huota vitu ambavyo mtu mwingine hathubutu. Mmoja aliota viazi vyake vinaimba zaburi ndani ya gunia. Mwingine aliota kanisa limehamia kilima cha pili, na waumini wanalifuata kwa miguu, kila mtu na kiti chake kichwani. Mwingine alitembelewa na mto. Ulikuja hadi mlangoni, ukabisha hodi, ukaomba chumvi kidogo.

Berthe akaanza kuwarekodi, kwanza kwa kaseti, halafu kwa kifaa kidogo alicholetewa na Élysée. Kila mama, Berthe alimpa ahadi ileile: "Mutoto akikomaa, aje kwangu. Nitamusikilizisha ndoto yenye uliota ye akiwa mu tumbo." Akaandika namba na jina katika daftari, na ahadi ikakaa hapo ikingoja mtoto aote meno, aende shule, akue.

Na watoto walikuja kweli. Si wengi, wawili watatu kwa mwaka. Mwanamume mmoja mwenye ndevu alikaa kwenye kochi lile, akamsikia mama yake mwenye miaka kumi na tisa akieleza jinsi alivyoota anafundisha ndege kusoma. Aliondoka bila kuaga, kesho yake akarudi na kuku.

Balaa ilianza na goti la Virginie. Alikuwa ameinama kutafuta tundu la kuchomeka chaja yake, goti likakutana na kitufe, taa ya buluu ikazimika. Waliiwasha tena, ikaamka, lakini tangu siku ile ilikuwa na mlio ndani, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria chumba cha pili. Élysée alifika kutoka Beni, akaweka sikio juu ya chuma kama mama yake alivyokuwa akiweka sikio juu ya matumbo ya watu.

"Mama, ile disque yenye kubeba sauti imechoka," akasema. "Iko nazunguka bado, mais siku itasimama, hapana amuka tena. Donc hapana ipeleka fasi yoyote. Hapana izimisha. Tutahamisha ndoto humu humu, ikiwa nazunguka."

Akafunga diski mpya pembeni, akaiamuru mashine inakili ndoto moja moja, kuanzia namba ya kwanza. Diski mgonjwa ilisoma kwa shida, inarudi nyuma, inajaribu tena, na Élysée alihesabu kwamba kazi ingechukua siku kama kumi na mbili. Kabla ya kurudi Beni aliketi kwenye kibodi ya kompyuta ndogo iliyoungwa na mashine, akaifanyia mashine jambo moja zaidi.

"Sasa bouton imekuwa kiziwi. Mutu akiigusa na goti, mashine haisikie. Mais akifinya na kushikilia, un, deux, trois, quatre, cinq, ile miye hapana weza kuikataza. Iko mu chuma yenyewe. Ile unilindie weye."

Berthe aliilinda kama mkunga. Alichukua kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi, akakifunika juu ya kitufe, akakibandika kwa plasta ya hospitali, mkanda mmoja huku, mwingine huku. Élysée akamshauri aandike na karatasi, kwa Kifaransa, ili kila mtu aelewe.

"Virginie hapana soma Français," Berthe akajibu. "Na goti ni yake."

Basi akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika majina ya watoto waliozaliwa dakika tano zilizopita: HAPANA ZIMA. Hakuweka nukta wala mkato. Akaibandika juu ya kizibo, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama, akaridhika.

Siku ya tatu ya kunakili simu ililia. Msichana anaitwa Bénite, yuko Beni, anasomea uuguzi. Mama yake aliitwa Rébecca, alijifungulia kituo kile cha milimani miaka ishirini iliyopita, akafariki mtoto akiwa na miezi minane. Hakuna mwingine aliyewahi kumrekodi popote.

"Banasema uko na sauti ya mama yangu," Bénite alisema, taratibu sana, kana kwamba anabeba yai.

Berthe alifungua daftari. Rébecca, namba mia saba thelathini na moja. "Niko nayo, mwanangu. Kuja siku ya Posho." Posho ndiyo Jumamosi ya kwao.

Alipokata simu, hakungoja. Akampigia Élysée: si waruke tu, wachukue ile mia saba thelathini na moja kwanza? Élysée akakataa. Kila kuruka kunaikwaruza diski, na ikikwama papo hapo wamepoteza zote. Iachwe itembee kwa mwendo wake. Alipiga hesabu, ile namba ingepita Ijumaa jioni. Jumamosi msichana angeikuta salama.

Kwa hiyo wiki ile Berthe aliishi kwa vidole vya miguu. Kwenye kioo cha kompyuta namba ilipanda, mia nne na kumi, mia nne na kumi na moja, na yeye kwenye kochi alikuwa anaitazama mpaka inapotea. Usingizi wa chumba ulimchukua saa za mchana, na humo ndoto za watu zilikuwa zinamjia bila kupiga hodi. Alijikuta anatembea na kiti kichwani nyuma ya kanisa. Alijikuta anapimia mto chumvi kwa kijiko, na mto unamwambia, ongeza, mama, nina watoto wengi. Akiamka, hakuwa na uhakika mara moja ni mwaka gani, na kama tumbo lile ni lake au la mgonjwa wake. Hakuogopa. Alisikia raha, kusema kweli, kama mtu aliyezungukwa na wageni wote aliowapenda.

Jumatano akaingia Ngalula, mke wa Élysée. Ngalula ni mtoto wa Mbuji-Mayi, mtumishi wa serikali aliyepangiwa Beni katika mambo ya upimaji wa viwanja, na kazi ilikuwa imemleta Butembo kwa siku nne. Alizungumza Tshiluba, Lingala na Kifaransa. Kiswahili alikuwa amejifunza katika kitabu kilichochapwa mbali huko mashariki, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na alikiongea vilevile, kila kiambishi mahali pake, mpaka wanawake wa sokoni walimuuliza kama yeye ni wa redio. Kwa mdomo yeye na mama mkwe walielewana, maana mdomo una macho na mikono ya kuusaidia. Tena alikuwa mwoga wa kukosea katika nyumba ile. Akiambiwa jambo mara moja, limefanyika. Akiona kikombe kimewekwa kushoto, atakirudisha kushoto. Kuhusu mashine hakuna aliyemwambia kitu: Élysée alimwachia mama yake, na Berthe aliona karatasi inatosha.

Ijumaa asubuhi Berthe aliondoka kwenda misa ya mapema. Namba ilikuwa mia saba na tisa. Alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo barabarani, akirudi kati ya pikipiki na ukungu, akihesabu kwa vidole: ishirini na mbili zimebaki, ishirini na mbili tu.

Alipofungua mlango, kitu cha kwanza alichohisi ni kwamba yuko macho kabisa. Chumba hakikuwa na usingizi hata kidogo. Alisikia saa ya ukutani, ambayo alikuwa amesahau kwamba ina sauti.

Ngalula alisimama na ufagio, sakafu inang'aa, uso wa mtu aliyetimiza wajibu. "Shikamoo, mama. Nimeizima ile mashine. Kwanza ilikataa. Nikabonyeza mara mbili, tatu, haikunisikia. Ndipo nikashikilia mpaka ikakubali."

Kizibo na vipande vya plasta alikuwa amevipanga vizuri juu ya meza, pamoja na karatasi. Berthe aliinyanyua ile karatasi. Akamnyooshea.

"Soma," akasema.

Ngalula akasoma kama alivyofundishwa na kitabu chake, akapumzika pale ambapo kitabu chake kingepumzika. "Hapana. Zima."

Kwa Berthe, na kwa Butembo yote, hapana zima ni usizime, kama hapana gusa ni usiguse. Hakuna mtoto wa pale angeisoma vingine. Lakini katika kitabu cha Ngalula *hapana* ni jibu la swali, basi, na *zima* ni amri. Asubuhi ile, akifagia chini ya meza kwa mara ya kwanza, alikuwa ameisimamia karatasi ile dakika nzima, akiwaza, mama amejua nitajiuliza kama niiache ikiwaka, akaniachia jibu: hapana, zima. Aliona hata ni upendo, kuandikiwa maelezo hivyo.

Berthe alimweleza kwa maneno machache. Ngalula alisikiliza, akaweka ufagio chini, kisha akakaa sakafuni palepale alipokuwa amepiga deki.

Élysée alisema kwa simu wajaribu kuiwasha, mara moja tu. Taa ya buluu ilirudi. Ndani ya chuma kitu kiligonga mara tatu, kikanyamaza. Diski mpya ilikuwa na ndoto mia saba na kumi na nne. Nyingine mia tatu thelathini na mbili zilibaki upande usiofunguka.

Berthe alikasirika. Alikasirikia kitabu cha mashariki, akakasirikia goti, akakasirikia mkono wake ulioandika maneno mawili kwa haraka ya mtu anayejua anaeleweka. Mchana Ngalula aliweka fufu na maharagwe mezani, yeye mwenyewe hakugusa.

"Mama, kesho nitamwambia mimi. Ni mimi niliyeizima."

Berthe alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikupata mahali pa kukaa kwenye uso ule. "Miye njo niliandika. Weye ulisoma tu, tena ulisoma muzuri. Kula, mwanangu."

Jioni ikiwa bado na mwanga, Virginie alipita kutoa pole, maana goti lilikuwa linamsumbua rohoni. Alikaa, akafikiri, akashusha sauti. "Berthe, mupatie ingine. Ziko mia saba na zaidi. Ule mutoto hapana jua sauti ya mama yake. Atatambua namna gani?"

Berthe alimwambia aone haya. Lakini Virginie alipoondoka, Berthe alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaanza kusikiliza. Nitasema ukweli, alikuwa anachagua. Sauti hii ni ya mtu mzima mno, hii ina kikohozi, hii inataja jina la kaka. Namba mia tano na nane ilimfaa. Mwanamke kijana, sauti laini, ameota amebeba kikapu cha ukungu kwenda sokoni, na kila mtu ananunua, na kikapu hakiishi. Mtoto gani asingefurahi kupewa ndoto ile? Berthe aliisikiliza mara nne. Mara ya nne alikuwa amekwisha kuamini kwamba labda ni ya Rébecca.

Bénite alifika Jumamosi saa tano, mrefu, kitenge kimejaa vumbi la barabara ya Beni. Alisalimu kwa mikono miwili, akakaa kwenye kochi, akaweka mkoba magotini. Ngalula alileta chai, akabaki amesimama karibu na mlango wa jikoni. Mia tano na nane ilikuwa tayari kwenye kioo. Berthe alikuwa na kidole juu ya kibodi.

"Ngoja kidogo, mama," Bénite akasema. "Papa anasemaka eti naongea sawa mama yangu. Kila siku. Sijue kama anasema vile juu ya kunifurahisha. Leo nitajua."

Kidole cha Berthe kilirudi chenyewe. Aliona, wazi kabisa, msichana huyu akirudi Beni na sauti ya mwanamke mwingine, akijilinganisha nayo, asijikute ndani yake, na tangu hapo kutomwamini baba yake maisha yote.

Akafunga kioo. Akamwambia. Hakutaja jina la mtu, alisema tu kwamba mashine ilizimwa kwa kosa la maandishi yake mwenyewe, jana, zikiwa zimebaki ndoto chache kuifikia yake. Ngalula kutoka mlangoni alianza kusema, "Ni mimi," Berthe akainua kiganja kumzuia.

Bénite hakulia. Aliitazama mashine kwa muda, kisha chai yake, kisha dirisha, ambako ukungu ulikuwa umeanza kuachana na miti.

"Mais weye," akasema mwishowe, "ulimusikia."

"Nilimusikia."

"Alisema nini?"

Berthe alifunga macho. Alishuka ndani ya kichwa chake kama mtu anayeshuka ghalani bila taa, akipapasa. Viazi, kanisa, mto, ndege wanaosoma. Kipi kilikuwa cha Rébecca? Elfu moja na arobaini na sita zilikuwa zimechanganyika, hakuna hata moja iliyokuwa na uso. Angeweza kutaja yoyote. Aliona aibu na uchungu kwa pamoja.

"Ndoto yenyewe imenipotea, mwanangu. Nakuomba pardon." Kisha kitu kikasogea huko chini. Kitanda cha upande wa ukuta. Sweta ya kijani ambayo vifungo vyake havikufika tumboni. "Alikuwa nacheka," akasema.

"Nani?"

"Mama yako. Kila akianza kueleza, anacheka. Nilizimisha appareil ya kurekodi mara mbili, nikamwambia, Rébecca, tulia, mutoto atasikia nini? Akasema, asikie tu hivi. Akaanza tena kucheka, mpaka wale bengine bote bakacheka, na hakuna mwenye alijua juu ya nini."

Bénite alifungua mkoba, akatoa picha ndogo ya kitambulisho, kingo zimelika. Mwanamke kijana, midomo imefungwa, macho ya mtu aliyeambiwa asitikisike. "Iko hii tu," akasema. "Papa hajanielezaka kama alikuwa nacheka." Aliirudisha picha taratibu. "Alikuwa nacheka namna gani?"

Berthe alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuwahi kuigiza mtu maishani. Akaweka kikombe chini. Akajaribu, ikatoka vibaya, kicheko cha bibi kizee. Akatikisa kichwa. Akasikiliza tena huko chini, akavuta pumzi, akaiacha itoke tumboni: kicheko kifupi, cha pili juu yake, cha tatu juu zaidi, kisha kikakatika kwa mkoromo mdogo wa puani, kama wa mtu aliyejishtukia.

Bénite alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, mikono imeshika magoti.

"Rudilia," akasema.